Run, CMD au PowerShell: uzifungulie wapi zana za Windows?

Karibu kila zana ya mfumo iliyomo ndani ya Windows ina jina la kuandika. `devmgmt.msc` huleta dirisha la vifaa na madraiva, `ncpa.cpl` huleta miunganisho ya mtandao, `taskschd.msc` ratiba ya kazi, `msinfo32` taarifa za mashine nzima. Anayeyajua majina hayo hana haja ya kupekua menyu, wala habaki ameduwaa Microsoft inapohamisha kitu kutoka Control Panel kwenda Settings. Linalobaki ni uyaandike wapi. Kisanduku cha Run (kile kidogo cha Windows+R), CMD na PowerShell (madirisha mawili ya kuandikia amri) vyote vinayapokea, na kila kimoja kina mashabiki wake wanaoapa kwamba vingine viwili ni kupoteza muda.

Ushabiki huo hausaidii sana, kwa sababu zana inayofunguka ni ile ile. Andika `diskmgmt.msc` kwenye Run, andika kwenye PowerShell, utapata dirisha lile lile la diski. Tofauti iko kwa anayekisoma ulichoandika: anakitafuta wapi, anakifungua kwa mamlaka ya nani, na dirisha likishafunguka ana lipi jingine la kukufanyia.

Windows Terminal sijaiweka kwenye ulinganisho huu. Hiyo ni dirisha lenye vichupo tu. Ndani yake anayefanya kazi bado ni CMD au PowerShell. Vilevile sizungumzii kisanduku cha kutafutia kwenye menyu ya Start, ambacho ni kizuri lakini hukisia unachotaka badala ya kufanya ulichoandika.

## Majina yenyewe, kwa ufupi

Utakutana na aina tano, na ni vyema uzitambue kwa sura kwa kuwa si kila mlango unazipokea kwa namna moja.

Ya kwanza ni programu za kawaida za `.exe`, ambazo kiendelezi chake huwa hakiandikwi: `regedit`, `taskmgr`, `msconfig`, `cleanmgr`, `dxdiag`, `resmon`. Ya pili ni faili za `.msc`, zinazofunguliwa ndani ya programu moja iitwayo mmc: `services.msc`, `eventvwr.msc`, `compmgmt.msc`. Ya tatu ni `.cpl`, vipande vya Control Panel: `appwiz.cpl`, `sysdm.cpl`, `mmsys.cpl`, `powercfg.cpl`. Ya nne ni anwani za Settings zinazoanza na `ms-settings:`, kwa mfano `ms-settings:windowsupdate`. Ya tano ni folda maalumu zinazoanza na `shell:`, kama `shell:startup`.

Ukitaka kuona zilizomo kwenye mashine yako, amri `dir C:\Windows\System32\*.msc` na ndugu yake ya `*.cpl` zitakuorodheshea, na zinafanya kazi kwenye CMD na PowerShell pia. Asiyependa orodha kavu afungue `msconfig` na kwenda kwenye kichupo cha Tools. Pale kila zana ina maelezo, na ukiichagua chini yake unaonyeshwa amri inayoifungua. Ni shule nzuri ambayo watu wengi hupita karibu nayo bila kugeuza kichwa.

Neno moja kuhusu toleo: `gpedit.msc` na `lusrmgr.msc` hazitumiki kwenye Windows za Home. Ukiambiwa hazipatikani, kosa si la mlango uliotumia.

## Vigezo

Nimeipima kila njia kwa mambo haya haya: kasi ya kufika kwenye zana, majina inayoyaelewa, namna ya kupata mamlaka ya msimamizi, uwezo wa kurudia kazi bila kuandika upya, na hali yake siku kompyuta inapogoma. Mwisho wa kila moja nimesema inamfaa nani. Sikupima uzuri wa sura, wala umri.

## Kisanduku cha Run

Kasi. Hakuna kinachokikaribia. Windows+R, jina, Enter. Kinakumbuka ulichoandika, na mshale wa chini unakuonyesha vya nyuma. Kumbukumbu hizo hukaa kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows, katika ufunguo uitwao RunMRU, kwa hiyo mkiwa watu kadhaa kwenye akaunti moja, atakayekaa baada yako ataona ulichokuwa unafungua.

Kinaelewa nini. Aina zote tano, bila kuongezewa neno. Unaandika `ms-settings:display` au `shell:startup` kama ilivyo, na inafunguka. Hata `%temp%` inakubalika, ikakupeleka moja kwa moja kwenye folda ya faili za muda. Zaidi ya hapo, Run huangalia sehemu ya rejista iitwayo App Paths, ambamo programu nyingi husajili mahali zilipo. Ndiyo maana `winword` au `excel` hufunguka hapa hata kama folda ya Office haimo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu), lakini ukiandika neno hilo hilo kwenye CMD unajibiwa kwamba halitambuliki.

Kinapokwama ni kwenye zana zinazojibu kwa maandishi. Andika `ipconfig` kwenye Run: dirisha jeusi litachomoza na kutoweka kabla hujasoma hata mstari mmoja. Amri imefanya kazi yake vizuri tu. Imemaliza, na dirisha lake likafungwa pamoja nayo. Dawa ni `cmd /k ipconfig`, ambapo `/k` inaiambia CMD ibaki wazi baada ya kumaliza. Lakini ukishafika hapo, umekwishahamia kwa jirani.

Mamlaka. Kwenye Windows 11 na matoleo ya karibuni ya Windows 10, badala ya Enter bonyeza Ctrl+Shift+Enter, na zana itaombewa ruhusa ya msimamizi. Ni zana hiyo moja tu. Ukifungua nyingine unaanza upya.

Kurudia. Mikono mitupu. Amri moja kwa wakati, na hakuna pa kuziweka pamoja.

Ikigoma. Hili watu hulisahau. Run ni sehemu ya explorer.exe, programu ile ile inayochora mwambaa wa kazi na menyu ya Start. Explorer ikianguka, Windows+R nayo inakufa. Hapo bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Task Manager, chagua kuendesha kazi mpya: utapata kisanduku kinachofanana na Run, tena chenye mahali pa kuweka tiki ili kazi ianze kwa mamlaka ya msimamizi. Kwenye kompyuta za kazini, Run inaweza pia kuwa imeondolewa kwa sera.

Na kuna hatari ambayo haihusiani na kugoma. Tangu 2024 umeenea utapeli unaoitwa ClickFix: ukurasa wa wavuti unajifanya unathibitisha kwamba wewe si roboti, kisha unakuelekeza ubonyeze Windows+R, ubonyeze Ctrl+V, kisha Enter. Ukurasa wenyewe umeshanakili amri ya kuvuta programu hasidi, na wewe ndiye unayeibandika. Run imechaguliwa kwa sababu ni ya haraka na kisanduku chake ni kifupi, mwisho wa amri ndefu hauonekani. Hakuna tovuti halali inayohitaji uandike kitu kwenye Run ili ikuthibitishe.

Kinamfaa nani. Anayejua jina la zana moja, anayeitaka sasa hivi, na ambaye kazi yenyewe ataifanyia ndani ya dirisha litakalofunguka. Kinamfaa pia anayemwelekeza mtu kwa simu: herufi chache, na nafasi ya kukosea ni ndogo.

## CMD

cmd.exe imekuja na Windows NT mwaka 1993, na tabia zake nyingi zimerithiwa kutoka MS-DOS. Imeandikiwa tanzia mara nyingi. Bado imo katika kila Windows 11.

Kasi. Inafunguka papo hapo, hata kwenye mashine dhaifu. Ikishakuwa wazi, unafungua zana kumi mfululizo bila kuliacha dirisha. Mshale wa juu hurudisha amri zilizopita na F7 huonyesha orodha nzima, ila ukifunga dirisha kumbukumbu zote zinakwenda.

Njia fupi ya kuifungua ukiwa ndani ya folda: bofya upau wa anwani wa File Explorer, andika `cmd`, bonyeza Enter. Inaanzia kwenye folda hiyo hiyo.

Inaelewa nini. `.exe`, `.msc` na `.cpl` zinakwenda vizuri. Anwani za `ms-settings:` na `shell:` zinataka neno `start` mbele yake: `start ms-settings:display`. `start` hukabidhi jina kwa Windows ilifungue kama Run inavyofanya, kwa hiyo `start winword` nayo itafanikiwa pale `winword` peke yake iliposhindwa.

Hapa pana mambo mawili yanayowasumbua watu kila siku. La kwanza ni viendelezi. CMD ikipewa jina tupu, hujaribu viendelezi kwa mpangilio uliomo katika PATHEXT, na katika mpangilio huo `.EXE` hutangulia `.MSC`. Ndani ya System32 kuna `services.msc`, dirisha la huduma unalolitaka, na kuna `services.exe`, programu ya ndani ya mfumo isiyokuhusu. Ukiandika `services` bila kiendelezi, unayemwita ni huyo wa pili. Kwa hiyo zoea kuandika `.msc` na `.cpl` kamili, ingawa kuna majina yatakayokubali bila hivyo.

La pili ni alama za nukuu baada ya `start`. Ukiandika `start "C:\Program Files\Zana\zana.exe"`, CMD inachukulia maandishi ya kwanza yaliyomo ndani ya nukuu kuwa kichwa cha dirisha, siyo programu. Matokeo yake ni dirisha jipya jeusi lenye njia yako imeandikwa juu, na zana haifunguki. Weka nukuu tupu kwanza: `start "" "C:\Program Files\Zana\zana.exe"`. Ni sheria ya ajabu, lakini ukishaijua haikusumbui tena.

Mamlaka. Fungua CMD yenyewe kama msimamizi, na zana utakazozifungua kutoka humo zitarithi mamlaka hayo bila kukuuliza kila mara. Ni raha kwa anayerekebisha mashine, na ni hatari hiyo hiyo kwa anayebandika amri asizozielewa. Usiichanganye na `runas`: hiyo hubadilisha mtumiaji, na kwa kawaida haikupi mamlaka kamili hata ukitaja akaunti ya msimamizi. Kwenye Windows 11 toleo la 24H2 imeongezwa amri ya `sudo`, ambayo huna budi kuiwasha kwanza katika Settings, na inatumika hapa na kwenye PowerShell.

Kurudia. Faili la `.bat` ndilo jambo linaloifanya CMD isizeeke. Andika hivi kwenye Notepad na uhifadhi kwa jina `zana.bat`:

```
@echo off
start msinfo32
start devmgmt.msc
start ncpa.cpl
start ms-settings:windowsupdate
```

Ukilibofya mara mbili, madirisha manne yanafunguka. `start` ya mistari mitatu ya kwanza unaweza kuiona kama haina kazi, lakini usiifute. Ndani ya faili la `.bat`, CMD husubiri programu uliyoiita moja kwa moja mpaka ifungwe. `Msinfo32` bila `start` ingezuia mistari inayofuata hadi uifunge mwenyewe.

Ikigoma. Hapa CMD inawaacha wenzake mbali. Windows ikikataa kuwaka na ukafika kwenye mazingira ya urekebishaji, mlango wa amri utakaoukuta ni CMD; PowerShell haimo humo kwa kawaida, wala Run. Wakati wa kusakinisha Windows, Shift+F10 huleta CMD hiyo hiyo. Humo utapata `diskpart`, `chkdsk`, `regedit`, hata `notepad`, ambayo dirisha lake la kufungulia faili hugeuka kuwa njia ya kutazama na kunakili mafaili yako kwenda kwenye diski ya nje. Usitegemee kupata `devmgmt.msc` na wenzake. Angalia pia herufi za diski: Windows yako inaweza kuonekana kama D: badala ya C:, na amri iliyoandikwa kwa mazoea ikagusa diski isiyo yake.

Katika Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) yenye Command Prompt, yaani CMD, hali ni nafuu zaidi. Explorer haiwaki, lakini ukiandika `rstrui` unapata dirisha la kurudisha mfumo katika hali ya zamani, na `msconfig` nayo inaitika.

Inamfaa nani. Fundi anayehama mashine hadi mashine na hajui atakuta toleo gani. Anayetaka faili dogo la kubofya ambalo hata asiyejua kompyuta atalitumia. Na yeyote ambaye Windows yake imekataa kuwaka.

## PowerShell

Ilitoka mwaka 2006. Iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 ni Windows PowerShell 5.1; PowerShell 7, iliyotoka 2020, unaisakinisha kando na kuiita kwa `pwsh`. Tofauti hiyo ya 5.1 na 7 itatuhusu muda si mrefu.

Kasi. Ndiyo ya polepole kuamka kati ya hizi tatu. Kwa zana moja tu, ni safari ndefu isiyo na sababu. Ikishaamka, hali inabadilika: hukumbuka amri zako hata baada ya kuifunga, Ctrl+R hutafuta uliyoiandika wiki iliyopita, na kitufe cha Tab humalizia majina.

Inaelewa nini. `.exe`, `.msc` na `.cpl` bila tatizo. `ms-settings:` na `shell:` kwa `start`, kama CMD, ingawa hapa `start` ni lakabu (jina fupi) ya amri Start-Process na haina ile sheria ya kichwa cha dirisha. Badala yake ina ya kwake: ukiandika njia ndani ya nukuu na kubonyeza Enter, PowerShell inakurudishia maandishi yale yale, kwa kuwa kwake hayo ni maneno tu. Weka `&` mbele: `& "C:\Program Files\Zana\zana.exe"`. Na `%temp%` haieleweki. Hapa inaitwa `$env:TEMP`.

Lakabu ndizo zinazohitaji macho zaidi. Katika 5.1, `sc` si ile zana ya huduma unayoijua kutoka CMD. Ni lakabu ya Set-Content, amri ya kuandika ndani ya faili. Mtu akinakili mwongozo wa zamani na kuandika `sc query spooler`, hapati hali ya huduma ya kuchapisha, na wala haoni kosa lolote. Kinachotokea ni kwamba kwenye folda aliyomo panazaliwa faili liitwalo `query`, na ndani yake neno moja: spooler. Andika `sc.exe query spooler` na mambo yatakuwa sawa. PowerShell 7 imeiondoa lakabu hiyo, ndiyo maana amri moja inaweza kufaulu kwako na kukataa kwa mwenzako mkiwa mmeketi bega kwa bega. `where` nayo ina mtego huo huo, iandike `where.exe`.

Mamlaka. Unaweza kubaki na dirisha la kawaida na kuinua zana moja tu: `Start-Process regedit -Verb RunAs`. Kwa maoni yangu huu ndio utaratibu salama kuliko wote, kwani dirisha unalobandikia amri halibaki na nguvu za msimamizi mchana kutwa.

Kurudia. Uwezo wake ni mpana, lakini lango lake ni jembamba kuliko la CMD. Kwa kawaida Windows za mezani huja na skripti zimezuiwa. Amri unazoandika kwa mkono zinakubaliwa, faili la `.ps1` linakataliwa. Unafungua kwa `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`, mara moja tu. Hata baada ya hapo, kubofya `.ps1` mara mbili kwa kawaida hulifungua kwenye Notepad badala ya kuliendesha. Kwa anayetaka kumpa mwenzake kitu cha kubofya, hilo linaudhi.

Faida inakuja unapogundua kwamba mara nyingi hukuhitaji dirisha lenyewe. Printa imeganda: njia ya kawaida ni `services.msc`, kushuka hadi Print Spooler, kubofya kulia, kuwasha upya. Ndani ya PowerShell iliyofunguliwa kama msimamizi ni `Restart-Service Spooler`, basi. CMD nayo inaweza, kwa `net stop spooler` kisha `net start spooler`. Lakini jaribu swali hili: ni vifaa gani vilivyochomekwa sasa vyenye hitilafu? `devmgmt.msc` itakutaka upanue matawi na kutafuta alama ya njano. PowerShell inajibu kwa mstari mmoja:

```
Get-PnpDevice -PresentOnly -Status Error
```

Kwa matukio ya mfumo, `Get-WinEvent -LogName System -MaxEvents 20` huleta 20 ya mwisho haraka kuliko dirisha la `eventvwr.msc` linavyojipanga. Na majibu hayo unaweza kuyachuja, kuyapanga au kuyahifadhi kwenye faili.

Ikigoma. Ndani ya Windows inayowaka, hata katika Safe Mode, andika `powershell` kwenye CMD nayo itakuja. Nje ya hapo usiitegemee.

Inamfaa nani. Anayesimamia kompyuta nyingi. Anayeuliza maswali yale yale kila wiki. Na aliyechoka kubofya ili asome mstari mmoja wa jibu. Kwa anayefungua Control Panel mara moja kwa mwezi, ni mzigo asiouhitaji.

## Kitu kile kile, kimeandikwa mara tatu

| Unachotaka | Run | CMD | PowerShell |
|---|---|---|---|
| Vifaa na madraiva | `devmgmt.msc` | `devmgmt.msc` | `devmgmt.msc` |
| Programu zilizosakinishwa | `appwiz.cpl` | `appwiz.cpl` | `appwiz.cpl` |
| Mipangilio ya skrini | `ms-settings:display` | `start ms-settings:display` | `start ms-settings:display` |
| Folda ya programu zinazowaka pamoja na kompyuta | `shell:startup` | `start shell:startup` | `start shell:startup` |
| Folda ya faili za muda | `%temp%` | `start "" "%temp%"` | `ii $env:TEMP` |
| Rejista, kama msimamizi | `regedit`, kisha Ctrl+Shift+Enter | `regedit` ndani ya CMD ya msimamizi | `Start-Process regedit -Verb RunAs` |

Mstari wa mwisho una jambo lisiloonekana kwenye jedwali. Ikiwa akaunti yako ni ya kawaida na ruhusa imetolewa kwa nenosiri la msimamizi, zana hiyo haifunguki tena kwa jina lako, inafunguka kwa jina lake. Ndani ya `regedit`, tawi la HKEY_CURRENT_USER litakuwa la msimamizi. `%Temp%` itakuwa yake, na `shell:startup` vilevile. Watu hubadilisha kitu hapo, wanawasha upya, kisha wanashangaa kwamba kwao hakuna kilichobadilika. Mlango wowote kati ya hii mitatu utakufikisha kwenye hali hiyo, kwa hiyo mipangilio ya mtumiaji irekebishe bila kuinua mamlaka.

## Uchague kwa hali uliyo nayo

Unataka zana moja na jina lake unalijua: Run. Usiwashe PowerShell ili kuandika `appwiz.cpl`.

Unataka zana kadhaa kwa mamlaka ya msimamizi, mfululizo, kisha ufunge kazi: CMD iliyofunguliwa kama msimamizi. Ukimaliza, ifunge kweli, usiiache nyuma ya madirisha mengine.

Unafuata mwongozo ulioandikwa na mtu mwingine: tumia mlango alioutumia yeye, hata kama si unaoupenda. Amri zenye `%` pande zote mbili za neno ni za CMD au Run. Zenye `$env:` au zenye sura ya kitendo-kistari-jina, kama Get-Service, ni za PowerShell. Mwongozo ukichanganya zote bila kusema ni wapi, aliyeuandika hakuujaribu.

Unataka jibu, dirisha si lazima: PowerShell. Na kama jibu hilo utalihitaji tena wiki ijayo, lihifadhi kama skripti leo.

Unamwandalia mtu asiyejua kompyuta kitu cha kubofya: faili la `.bat`, lenye mistari michache anayoweza kuisoma mwenyewe.

Mwambaa wa kazi umetoweka: Ctrl+Shift+Esc, halafu kazi mpya, halafu `explorer`. Windows haiwaki kabisa: CMD ya mazingira ya urekebishaji, na kabla ya amri yoyote, `diskpart` na ndani yake `list volume`, ujue diski ipi ni ipi.

Kompyuta ya kazini imefungiwa Run au CMD: hapo usitafute ujanja wa kuzunguka. Sera hiyo imewekwa na mtu mwenye sababu zake, na zana nyingi alizozizuia hazitakupa mamlaka hata ukizifungua. Mwombe akufungulie anayehusika.

Unamsaidia mtu kwa simu: Run, herufi moja moja, naye akusomee anachokiona kabla ya kubonyeza Enter. Anza na `winver`. Dirisha dogo litakalotokea linataja toleo la Windows aliyo nayo, na jibu hilo ndilo litakalokuambia kama inafaa hata kumtajia `gpedit.msc`.